Ngumi za Hewani: Safari ya Kata Kutoka Shuri Hadi Jukwaa la Medali

Tarehe 6 Agosti 2021, katika ukumbi wa Nippon Budokan jijini Tokyo, Ryo Kiyuna alipanda ulingoni peke yake. Mbele yake hapakuwa na mpinzani, ila majaji saba waliokaa kimya. Alirusha ngumi, mateke na kinga dhidi ya watu wasioonekana, na aliposhuka alikuwa bingwa wa kwanza wa Olimpiki wa kata kwa wanaume, na pia mzaliwa wa kwanza wa Okinawa kupata dhahabu ya Olimpiki. Kanuni za siku hiyo zilitoa asilimia 70 ya alama kwa ufundi na asilimia 30 kwa nguvu, kasi na uthabiti wa mwili. Hakuna alama iliyotengwa kwa swali la kama mapigo yale yangemwangusha mtu.

Kesho yake, ukumbi uleule uliandaa fainali ya kumite, yaani mpambano wa watu wawili, kwa wanaume wenye uzito unaozidi kilo 75. Tareg Hamedi wa Saudi Arabia alikuwa anaongoza kwa 4 kwa 1 dhidi ya Sajad Ganjzadeh wa Iran. Akamtandika teke la juu. Ganjzadeh alidondoka, akazimia, akawekewa oksijeni na kutolewa kwa machela. Majaji walishauriana, kisha wakamwondoa Hamedi mchezoni kwa kosa la kupiga bila kujizuia. Saudi Arabia, ambayo haikuwahi kushinda dhahabu ya Olimpiki, ikabaki na fedha. Aliyezimia ndiye aliyepata dhahabu.

Siku hizo mbili zilichochea tena mabishano ya miaka mingi. Watu wa masumbwi na mieleka huwacheka wanakarate: kupiga hewa mara elfu kutamsaidia nini mtu aliyekabwa koo na kibaka gizani? Wanakarate hujibu kwamba kata, ule mfululizo wa mapigo na kinga unaofanywa kwa mpangilio usiobadilika, ni ghala la mbinu zilizokusanywa na wazee waliopigana kwelikweli. Pande zote mbili huzungumza kana kwamba kata imekuwa na kazi moja tangu zamani. Haikuwa hivyo. Imebadilishiwa kazi mara kadhaa katika muda wa miaka 120, na thamani yake katika kujihami imepanda na kushuka kufuatana na mabadiliko hayo.

Chimbuko lake ni Ufalme wa Ryukyu, msururu wa visiwa kati ya Japani na Taiwan, ambao mji wake mkuu ulikuwa Shuri katika kisiwa cha Okinawa. Ufalme huo ulifanya biashara na China kwa karne nyingi, hasa kupitia jimbo la Fujian. Mwaka 1609 ulivamiwa na ukoo wa Satsuma kutoka kusini mwa Japani, lakini wafalme wake wakaachiwa kiti na safari za China zikaendelea. Kwa njia hiyo mbinu za kupigana za Kichina ziliingia na kuchanganyika na za wenyeji. Andiko moja la Kijapani la mwaka 1762 linataja Mchina aliyeitwa Kushanku, aliyefika Ryukyu na kuonyesha namna mtu mdogo wa umbo anavyoweza kumwangusha mkubwa kwa mbinu za kukamata. Hadi leo kuna kata ndefu yenye jina lake.

Katika karne ya 19 mtu aliyesifika zaidi kwa mapigano kule Shuri alikuwa Matsumura Sokon, mlinzi wa wafalme wa Ryukyu. Kwa watu wa kazi yake, kupigana hakukuwa mchezo. Hakukuwa na vitabu vya kiada wala madarasa. Mwalimu alifundisha wachache, nyuma ya nyumba, mara nyingi usiku, na kata ndiyo iliyokuwa daftari lake. Gichin Funakoshi, aliyezaliwa Shuri mwaka 1868, aliandika uzeeni kwamba alitumia miaka 10 kujifunza kata tatu tu za Naihanchi. Aliamrishwa kurudia kipande kilekile usiku baada ya usiku, na mwalimu wake alikuwa mchoyo wa sifa.

Naihanchi inafaa kutazamwa kwa karibu. Anayeifanya haendi mbele wala nyuma. Anasogea pembeni tu, miguu imetanuliwa na magoti yamekunjwa kidogo. Mwanzoni ananyoosha mkono wa kulia pembeni, kiganja kikiwa wazi, kisha anazungusha kiwiko cha kushoto mpaka kinagota kwenye kiganja hicho. Kwa mtazamaji ni mtu anayejipiga mwenyewe. Mlete mtu wa pili, na picha inageuka: kiganja kimeshika kisogo cha mshambuliaji, kiwiko kinamfika usoni, na kichwa hakina pa kurudi nyuma. Vivyo hivyo ile ngumi inayorudishwa nyongani, ambayo wanafunzi wengi hudhani ni pozi la urembo. Ndani ya ngumi hiyo panatakiwa kuwa na mkono au nguo ya mshambuliaji, anavutwa apoteze mizani huku ngumi ya pili ikimwendea. Bila mtu wa kushika, hayo yote hayaonekani.

Mwaka 1879 serikali ya Meiji iliufuta ufalme na kuifanya Okinawa kuwa mkoa wa Japani. Mfalme akahamishiwa Tokyo, watumishi wa jumba la kifalme wakapoteza kazi na hadhi. Mmoja wao alikuwa Itosu Anko, mwanafunzi wa Matsumura, aliyezaliwa mwaka 1831. Itosu aliona kwamba sanaa inayofundishwa gizani kwa watu wachache itakufa pamoja na wazee wake. Mwaka 1901 akaanza kuifundisha katika shule ya msingi ya Shuri, na miaka michache baadaye katika shule ya sekondari ya mkoa.

Hapo ndipo kata ilipobadilishiwa kazi kwa mara ya kwanza. Kumfundisha mtu mmoja uani ni jambo moja. Kupanga safu za watoto na kuhesabu moja, mbili, tatu ni jambo jingine. Mtoto wa shule hafundishwi kuvunja kiwiko cha mwenzake wala kumpiga kooni. Itosu alitunga kata tano fupi, zilizoitwa Pinan, zenye hatua zinazofuatana vizuri na kukaririka. Karate ikawa mazoezi ya viungo. Kinga zikaelezwa kuwa kinga tu na ngumi kuwa ngumi tu, na yale ya kukamata, kukaba na kupiga ngwala yakanyamaziwa.

Lakini Itosu hakumdanganya mtu. Mwezi Oktoba 1908 aliandika barua yenye vifungu kumi akieleza faida za karate kwa shule na kwa taifa. Humo alisema kwamba lengo lake si kupambana na mtu mmoja katika mashindano, bali ni kujiokoa kwa mikono na miguu mtu anapovamiwa na mhuni. Akahimiza kila pigo lifahamike maana yake na wakati wa kulitumia. Na akamtaka mwanafunzi aamue: anafanya mazoezi haya kwa afya ya mwili, au kwa matumizi? Mzee aliyeingiza kata shuleni alijua kwamba kuna njia mbili, na kwamba aliyeshika moja hajashika nyingine.

Itosu alifariki mwaka 1915. Wanafunzi wake wawili waliofika Japani bara waligawana urithi wake kwa namna ambayo bado inawagawa wanakarate.

Wa kwanza alikuwa Funakoshi, mwalimu wa shule, mpole, msomi wa mashairi ya Kichina. Mwezi Mei 1922 alialikwa Tokyo kuonyesha sanaa ya kwao katika maonyesho ya michezo ya Wizara ya Elimu. Muda mfupi baadaye Jigoro Kano, mwasisi wa judo, akamwita Kodokan, chuo chake cha judo. Funakoshi akafanya Kushanku mbele ya wanajudo. Hakurudi tena Okinawa kuishi. Akabaki Tokyo na kufundisha vyuoni, na kufundisha kwake kulikuwa kata, kata tena, kata siku zote. Kumenyana huru hakukutaka. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1920 vijana wa Chuo Kikuu cha Tokyo walichoka kupiga hewa. Wakavaa kinga za mchezo wa kendo na kuanza kupigana kwelikweli. Mzee alipopata habari na kushindwa kuwazuia, aliacha kwenda kuwafundisha.

Wa pili alikuwa Choki Motobu, aliyezaliwa mwaka 1870 katika ukoo wa kifalme. Tofauti yao ilikuwa mbingu na ardhi. Motobu alijulikana kwa kwenda Tsuji, mtaa wa starehe wa mji wa Naha, kutafuta watu wa kupigana nao, ili ajue lipi katika aliyofundishwa linafanya kazi. Mwanzoni mwa miaka ya 1920, akiwa amevuka umri wa miaka 50, alipanda ulingoni mjini Kyoto dhidi ya bondia wa kizungu aliyekuwa akitafuta wapinzani, akamwangusha. Jarida mashuhuri la Kingu lilisimulia kisa hicho mwaka 1925, likaweka michoro ya sura ya Funakoshi badala ya Motobu. Uhasama kati ya wazee hao wawili haukuhitaji kuni zaidi.

Linalosahaulika ni kwamba mgomvi huyo wa Tsuji hakuitupa kata. Aliipenda Naihanchi kuliko zote na kuifanya maisha yake yote, na alieleza kwamba mkao wake wa miguu ndio mkao wa kupigania, ukiugeuza kidogo kulia au kushoto. Kitabu chake cha mwaka 1926 kina mazoezi 12 ya watu wawili, yamepigwa picha. Ndani ya picha hizo watu wamekaribiana mno: mkono mmoja umekandamiza mikono ya mwenzake, mwingine unapiga. Ni Naihanchi iliyopewa mtu wa kushika.

Mwanafunzi mwingine wa Itosu, Kenwa Mabuni, aliyewahi kuwa polisi Okinawa, alijaribu kusahihisha kosa lililokwisha kuenea. Watu walikuwa wanaamini kwamba kila mara kata inapogeuka, adui mwingine ametokea upande huo, kiasi kwamba mwanakarate mmoja anapigana na kundi zima. Mabuni alieleza kwamba sivyo: mgeuko unaonyesha pembe unayopaswa kusimama ukilinganisha na mshambuliaji. Unaondoka kwenye njia ya pigo na kumpata pembeni.

Kano, kwa upande wake, alikuwa amekwisha kupasua jipu la mbinu zisizojaribiwa kwa njia nyingine. Alipoanzisha Kodokan mwaka 1882 alichagua kuondoa mbinu hatari kutoka mazoezi huru, ili wanafunzi waweze kurushana na kukabana kwa nguvu zao zote kila siku bila kuuana. Mbinu hatari akazihifadhi katika kata za watu wawili. Hesabu yake ilikuwa wazi: aliyemwangusha mara elfu mtu anayekataa kuangushwa ana uwezo kuliko anayejua pigo la kuua ambalo hajawahi kulijaribu. Na Kodokan haikuona haya kuongeza kata mpya juu ya zile za zamani. Mwaka 1956, miaka 18 baada ya kifo cha Kano, ilizindua kata mpya ya kujihami yenye mbinu 21: 12 dhidi ya mtu asiye na silaha, na 9 dhidi ya kisu, fimbo na bastola.

Kulikuwa pia na waliokata kabisa shauri la kuacha kata. William Fairbairn, Mwingereza aliyejiunga na polisi wa Shanghai mwaka 1907, alifanya kazi katika moja ya bandari zilizokuwa na uhalifu mwingi duniani, akajifunza judo mpaka akapata mkanda mweusi wa Kodokan. Vita Kuu ya Pili ilipozuka alirudi Uingereza kufundisha makomando. Askari hao hawakuwa na miaka 10 ya Naihanchi. Walikuwa na siku chache kabla ya kupelekwa vitani. Fairbairn aliwapa vitu vichache: kiganja cha kidevu, ukingo wa mkono shingoni, goti, na ari ya kushambulia bila kusita.

Vita hivyohivyo viliiteketeza Shuri. Mapigano ya Okinawa ya mwaka 1945 yaliua raia wengi wa kisiwa hicho, na pamoja nao walimu waliojua maana za kata. Baadaye vikosi vya Marekani vilivyoweka kambi kisiwani vilileta vijana waliotaka kujifunza karate. Wengi wao walikaa muda mfupi tu, wakarudi kwao na mikanda myeusi na kufungua dojo, yaani kumbi za mazoezi. Walichobeba ni mpangilio wa hatua. Maana yake ilihitaji miaka ambayo hawakuwa nayo.

Kazi ya tatu ya kata ikafuata. Funakoshi alifariki mwezi Aprili 1957 akiwa na umri wa miaka 88. Mwaka huohuo Chama cha Karate cha Japani kiliandaa mashindano yake ya kwanza ya kitaifa, kukiwa na kata na kumite. Tangu hapo kata ikawa ya kupendeza macho: hatua zikarefuka, mateke yaliyolenga goti yakapanda mpaka kichwani, pozi likasimamishwa sekunde moja zaidi ili jaji aone. Kumite nayo ikawa ya kurukiana kwa mbali na kupata alama kwa kugusa. Kata iliyotungwa kwa watu wanaoshikana kwapa kwa kwapa haikuwa tena na uhusiano na mpambano wa watu wanaosimama mita mbili mbali. Ndiyo maana mwanakarate anaweza kuwa bingwa wa kimoja bila kukijua kingine.

Kwa namna hiyo karate ilienea duniani, Afrika Mashariki ikiwemo. Dar es Salaam iliupokea mtindo wa Goju-ryu wa Okinawa miaka ya 1970 kupitia kwa Nantambu Camara Bomani, Mmarekani mweusi aliyejenga dojo maarufu ya Zanaki.

Novemba 12, 1993, mjini Denver, Marekani, mashindano ya kwanza ya UFC yaliweka mitindo mbalimbali ulingoni pamoja. Royce Gracie, Mbrazili mwembamba wa jiu-jitsu, mtoto wa ukoo uliofundishwa na mwanafunzi wa Kano, aliwashinda watu watatu usiku mmoja, mapambano yote matatu yakichukua kama dakika tano kwa jumla. Dunia ya karate ilitikisika. Ilionekana kwamba kushikwa na kuangushwa chini ni jambo ambalo mamilioni ya wapiga kata hawakuwahi kuandaliwa kwalo, ingawa kata zenyewe zimejaa vishiko.

Jibu lilikuja kwa sura mbili. Kuanzia miaka ya 1990 walimu kama Patrick McCarthy wa Kanada, na baadaye Iain Abernethy wa Uingereza, walianza kuzisoma kata upya kwa kuuliza swali moja: watu hushambuliana vipi hasa? Wakaorodhesha kushikwa kola, kusukumwa, kukabwa koo, ngumi ya pembeni ya mlevi, na kutafuta katika kata majibu ya hayo, kisha wakayajaribu na mwenza asiyekubali. Sura ya pili ilikuwa Lyoto Machida, Mbrazili aliyelelewa katika karate ya Shotokan na baba yake Mjapani. Mwaka 2009 alitwaa ubingwa wa UFC wa uzito wa nusu mzito. Aprili 30, 2011, mjini Toronto, alijifanya anapiga teke kwa mguu mmoja, akaruka na kumpiga mpinzani wake, Randy Couture, usoni kwa mguu wa pili. Teke hilo la kuruka limo mwishoni mwa Kushanku. Ila Machida hakulitoa kwenye kata na kulipeleka ulingoni moja kwa moja; alikuwa pia na mieleka ya sumo na mkanda mweusi wa jiu-jitsu, na miaka ya kupigana na watu wanaorudisha.

Hata hivyo ulingo si mtaa, na ushahidi mzito zaidi kuhusu kujihami haukutoka ulingoni. Mwaka 2013 ulichapishwa utafiti uliofanywa miongoni mwa wasichana wa sekondari katika mitaa ya mabanda ya Nairobi. Walipewa mafunzo ya saa 12, yaliyogawanywa katika vipindi sita: kutambua dalili za hatari, kukataa kwa sauti, kukimbia, na mapigo machache. Kabla ya mafunzo, asilimia 24.6 walikuwa wamedhulumiwa kingono katika mwaka uliotangulia. Miezi 10 baada ya mafunzo ilikuwa asilimia 9.2, wakati kundi lisilopata mafunzo hayo lilibaki karibu palepale. Baadhi ya tafiti za baadaye jijini humo zilipata punguzo dogo zaidi. Huko Kanada, utafiti wa mwaka 2015 kwa wanafunzi wa kike 893 wa vyuo vikuu ulionyesha kwamba mafunzo ya saa 12 yalishusha hatari ya kubakwa ndani ya mwaka mmoja kutoka asilimia 9.8 hadi 5.2. Katika mafunzo yote hayo hakuna kata hata moja, na sehemu kubwa ni maneno na maamuzi kabla ya kugusana.

Hukumu ya historia basi si ngumu kuisoma. Kata inayofanywa peke yake, bila maelezo na bila mwenza, ni mazoezi mazuri ya mwili, kama Itosu alivyokusudia kwa watoto wa shule, na ni mchezo wa kuvutia, kama Kiyuna alivyoonyesha. Haimkingi mtu. Kata inayofundishwa pamoja na maana yake, kisha ikajaribiwa na mtu anayevuta, anayesukuma na anayekataa kuanguka, ni hazina, na Motobu aliithibitisha. Na anayehitaji usalama wiki ijayo hana muda wa mojawapo; anahitaji yale mafunzo ya saa 12.

Mzazi anayetafuta dojo ya mwanawe, au dada anayetaka kujihami arudipo nyumbani jioni, asiangalie vikombe vilivyopangwa rafuni. Amwombe mwalimu aoneshe pigo moja la kata akiwa ameshikwa kola na mwanafunzi mwenye nguvu, asiyeambiwa aachie. Kisha aulize ni siku ngapi kwa wiki wanafunzi hufanya hivyo. Mwalimu anayejua kazi yake hatakasirika.